Sauti Haijafa, Imepotea Njia

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Maneno haya yalisemwa redioni. Yamechapwa hapa ili uyasome tena polepole, wewe peke yako au pamoja na wenzako darasani.

Natumaini kila mtu amepata mahali pa kukaa, na aliye nyuma anasikia sawasawa na aliye mbele. Wekeni kalamu chini kwanza. Leo tutasikiliza, kisha tutasoma, kisha tutafanya.

Somo letu la leo ni juu ya kompyuta iliyonyamaza. Unaiwasha, inawaka. Unafungua somo lililorekodiwa, unaona mstari unatembea kwenye kioo, lakini husikii kitu. Ufanye nini?

Najua yuko mtu hapo atakayesema, "Sisi tumekuja kujifunza kusoma na kuandika. Kompyuta inatuhusu nini?" Hilo ni swali jema. Wazee wenu watakumbuka mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika kwa vikundi, redio moja katikati, kitabu mkononi. Walisikiliza, wakasoma, wakazungumza, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Lakini maneno ya redio hupita kama upepo. Usiposikia leo, basi. Siku hizi darasa lenye kompyuta laweza kuyaweka maneno hayo na kuyasikiliza mara kumi. Kwa hiyo kompyuta ikinyamaza, darasa limepoteza mwalimu mmoja.

Tena kuna sababu nyingine. Nitaieleza kwa kisa.

KISA CHA DARASA LA KIPILI

Miaka michache iliyopita nilikuwa nafundisha darasa la jioni huko Kipili, kando ya Ziwa Tanganyika, katika Wilaya ya Nkasi. Wanafunzi wangu walikuwa wavuvi, wakulima, na akina mama wanaoanika dagaa. Tulikuwa na kompyuta moja ya mezani na spika mbili ndogo.

Pale kijijini alikuwako mzee mmoja mvuvi aliyelijua ziwa kuliko sisi sote. Tulimwomba aje darasani. Akaja, akasema kwa muda wa saa nzima mbele ya maikrofoni. Alieleza jinsi ya kutazama mawingu na maji kabla ya kushusha mtumbwi, na siku gani mtu abaki nyumbani hata kama hakuna mboga. Tukayahifadhi maneno yake ndani ya kompyuta. Hatukuweka nakala mahali pengine. Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza.

Mvua za mwaka ule zilipokwisha, mzee akafariki. Baada ya matanga binti yake, ambaye alikuwa mwanafunzi wetu, akaniambia, "Mwalimu, nataka wanangu wamsikie babu yao." Watoto wakaja, wakaketi chini mbele ya meza. Nikafungua. Mstari ukatembea. Kimya.

Nikaongeza sauti. Kimya. Nikazigonga spika kwa kiganja, kama mtu anavyogonga redio ya zamani. Kimya. Watoto wakanitazama.

Kesho yake nikampigia simu fundi mmoja wa mjini. Akasema, "Sauti ya mashine hiyo imekufa. Ilete nifute kila kitu, niweke mfumo mpya. Shilingi elfu hamsini, na nauli ni juu yako." Simlaumu fundi yule. Hakuiona mashine, akajibu kama alivyozoea. Lakini fikirini, ndugu zangu. Kufuta kila kitu maana yake ni kuyafuta maneno ya mzee. Na mimi, mwalimu mzima, nilikwisha kuanza kuchomoa waya ili niifunge kompyuta ndani ya gunia.

Binti yake akanishika mkono. Akasema, "Mwalimu, ngoja kwanza. Niache nisome kilichoandikwa kwenye kioo."

Alikuwa na miezi saba tu tangu aanze kusoma. Nilirudisha waya, nikawasha, nikamwachia kiti. Yaliyofuata ndiyo somo letu la leo.

SAFARI YA SAUTI

Kwanza tuelewe jambo moja. Sauti ndani ya kompyuta husafiri. Haikai mahali pamoja.

Fikiri juu ya mzigo unaotoka Sumbawanga kuja kwako Kipili. Unapakiwa Sumbawanga. Unapita Namanyere. Kisha unateremka mpaka ziwani. Wewe uko gatini, unangoja. Saa zinapita, mzigo hauji. Je, utasema mzigo umeungua? La. Utauliza: Sumbawanga umetoka? Namanyere umepita? Labda dereva ameushusha Kirando, na huko hakuna mtu wa kuupokea. Mzigo ni mzima kabisa, ila umepelekwa pengine.

Sauti nayo ni hivyo hivyo. Inaanza katika faili, yaani katika hifadhi ya maneno. Inapita katika programu inayoicheza. Halafu inafika kwa karani. Karani huyu ni programu nyingine iliyomo ndani ya mfumo, na kazi yake ni kugawa mizigo: hii iende kwenye spika, hii iende kwenye hedifoni. Chini ya karani yuko mpagazi, anayebeba sauti mpaka kwenye tundu la waya. Kutoka hapo inapita ndani ya waya, inafika kwenye spika, na mwisho inaingia sikioni mwako.

Kompyuta yetu ya Kipili ilitumia mfumo uitwao Ubuntu, wa ukoo wa Linux. Katika mifumo ya ukoo huo mpagazi anaitwa ALSA. Karani wa zamani anaitwa PulseAudio, na karani mpya anaitwa PipeWire. Ubuntu ilianza kumtumia PipeWire kuwa karani wa sauti katika toleo la Oktoba 2022. Huna haja ya kuyakariri majina haya. Kumbuka tu kwamba wako wawili, karani na mpagazi, na kila mmoja ana mlango wake. Mmoja akifunga mlango, hata mwingine akiacha wake wazi, hutasikia kitu.

Basi, kazi yetu ni kuifuata njia hiyo kituo kwa kituo. Na sheria ni mbili. Sheria ya kwanza: badili jambo moja tu, kisha jaribu. Ukibadili mambo matano kwa mara moja, hata sauti ikirudi hutajua ni lipi lililoirudisha. Sheria ya pili: andika katika daftari kila unachobadili, na jinsi kilivyokuwa kabla hujakibadili. Hii ndiyo faida ya kujua kuandika. Asiyeandika husahau njia ya kurudi.

HATUA YA KWANZA: ULIZA KILICHOBADILIKA

Usianze kwa mikono. Anza kwa mdomo. Uliza: Sauti ilisikika mara ya mwisho lini? Tangu siku hiyo nini kimebadilika? Je, kuna waya uliohamishwa? Kuna kifaa kipya? Kuna mtoto aliyechezea vitufe?

Mimi sikuuliza. Binti yule ndiye aliyeuliza. Tukakumbuka kwamba sauti ilisikika vizuri kabla ya sikukuu. Halafu kioo chetu cha zamani kilififia, tukapewa kioo kingine. Mimi nikasema, "Kioo ni cha macho, hakihusu masikio." Yeye akasema, "Tuandike tu, Mwalimu." Akaandika katika daftari: Kioo kipya.

HATUA YA PILI: TAZAMA SPIKA NA WAYA

Anza upande wa sikio, maana ndio ulio rahisi. Je, spika zina umeme? Kataa ya spika inawaka? Kitufe chake cha sauti kimezungushwa mpaka sifuri? Waya umechomekwa mpaka mwisho, au umeingia nusu?

Nyuma ya kompyuta nyingi za mezani kuna matundu madogo ya duara, yenye rangi. La kijani ni la spika. La waridi ni la maikrofoni. La buluu ni la kuingiza sauti kutoka chombo kingine. Ukichomeka spika katika tundu la waridi, utangoja mpaka kesho. Tena, kama kuna hedifoni zimechomekwa mbele, huenda spika za nje zikanyamaza. Huo si ugonjwa. Zichomoe, ujaribu tena.

Sasa, utajuaje kama spika zenyewe ni nzima? Chukua simu au redio yenye tundu la namna hiyo. Chomeka waya wa spika humo, kisha cheza wimbo wowote. Zikisema, spika ni nzima, na kosa liko ndani ya kompyuta. Zisiposema, umekwisha kuipata sababu, na hukugusa mfumo hata kidogo.

Sisi tulijaribu kwa simu ya kijana mmoja mvuvi. Spika ziliimba. Binti akaandika: Spika nzima.

HATUA YA TATU: TAZAMA PICHA YA SPIKA KWENYE KIOO

Katika Ubuntu, juu kabisa upande wa kulia wa kioo, kuna picha ndogo ya spika. Itazame vizuri. Kama imekatwa kwa mstari au ina alama ya mkasi, sauti imezimwa. Ibonyeze, kisha vuta kile kitufe cha mstari kuelekea kulia. Kibodi nyingi nazo zina kitufe chenye picha kama hiyo. Kidole kikipita hapo bila kukusudia, sauti inazimika.

Kumbuka pia kwamba programu inayocheza somo ina mstari wake wa sauti, mbali na ule wa kompyuta nzima. Mmoja waweza kuwa juu na mwingine uko chini kabisa. Tazama yote miwili. Kisha fungua faili nyingine, na ujaribu kwa programu nyingine. Ikiwa faili moja tu ndiyo iliyonyamaza, kosa liko katika faili hiyo. Ikiwa zote zimenyamaza, endelea na safari.

Kwetu zote zilinyamaza, na mstari ulikuwa juu.

HATUA YA NNE: MUULIZE KARANI ANAPELEKA WAPI

Hapa, ndugu zangu, ndipo watu wengi wanapopotea. Sikilizeni sana.

Fungua mahali pa Mipangilio, palipo na picha ya gurudumu lenye meno. Tafuta sehemu ya Sauti. Katika kompyuta nyingi neno hilo limeandikwa kwa Kiingereza: "Sound". Usiogope. Herufi ni zile zile ulizojifunza darasani: S, O, U, N, D. Ndani yake tafuta neno "Output". Maana yake ni njia ya kutokea. Mbele ya neno hilo kuna jina la kifaa kimoja. Hilo ndilo jina la mahali ambapo karani anapeleka sauti kwa sasa. Ukilibonyeza, utaona orodha ya mahali pengine anapoweza kuipeleka.

Binti wa mzee alifika hapo. Akaweka kidole kwenye kioo. Akasoma herufi moja moja: "H. D. M. I." Akanigeukia. "Mwalimu, hili ni neno gani?"

"Si neno, mama. Ni jina la waya."

"Waya upi?"

Nikaufuata ule waya kwa mkono, kutoka nyuma ya kompyuta, chini ya meza, mpaka ulipoishia. Uliishia nyuma ya kioo kipya.

Akauliza, "Na kioo hiki kina spika?"

"Hakina."

Hakuna aliyesema neno. Sote tulielewa kwa pamoja. Kioo cha zamani kilifungwa kwa waya wa VGA, ambao hubeba picha peke yake. Kioo kipya kilifungwa kwa waya wa HDMI, ambao hubeba picha na sauti pamoja. Karani alipoona njia mpya inayoweza kubeba sauti, akaanza kupeleka sauti huko. Hakujua kwamba huko hakuna spika. Mzigo ulishushwa Kirando, na sisi tulikuwa tukingoja gatini Kipili.

Katika orodha kulikuwa na jina la pili: "Line Out". Ndiyo njia ya lile tundu la kijani. Akalichagua. Sasa, pembeni ya hapo pana kitufe cha kujaribia, kimeandikwa "Test". Ukikibonyeza, utaweza kujaribu spika ya kushoto peke yake na ya kulia peke yake. Akabonyeza. Spika ya kushoto ikasema. Akabonyeza ya pili. Ya kulia ikasema.

Nikataka kufungua maneno ya mzee pale pale. Yeye akakataa. "Ngoja niandike kwanza," akasema. Akaandika: Tulitoa HDMI, tukaweka Line Out. Kisha akawaita watoto.

HATUA YA TANO: FUNGUA MLANGO WA MPAGAZI

Kwetu safari iliishia katika hatua ya nne. Lakini kwako huenda isiishie hapo. Labda karani anapeleka mahali sahihi, mstari wake uko juu, na bado ni kimya. Basi nenda kwa mpagazi.

Bonyeza vitufe vitatu kwa pamoja: Ctrl, Alt na T. Katika Ubuntu litafunguka dirisha la kuandikia amri. Andika herufi hizi tisa: alsamixer. Angalia herufi x, ambayo haimo katika maneno yetu ya Kiswahili. Kisha bonyeza kitufe cha Enter.

Utaona nguzo zimesimama, kama vipimo vya maji. Bonyeza F6, uchague jina la kadi ya sauti ya kompyuta yako. Sasa tazama chini ya kila nguzo. Palipoandikwa MM, mlango umefungwa. Palipo na alama mbili kama sifuri mbili, mlango uko wazi. Tumia mishale ya kushoto na kulia kwenda kwenye nguzo iliyofungwa. Bonyeza herufi M mara moja, na mlango utafunguka. Tumia mshale wa juu kuinua nguzo. Tazama hasa nguzo zenye majina Master, Speaker, Headphone na PCM. Ukimaliza, bonyeza Esc kutoka.

Hapa ndipo daftari linapokuokoa. Andika kila nguzo ilikuwaje kabla hujaigusa.

HATUA YA SITA: ZIMA, UWASHE TENA

Wakati mwingine karani amelala tu. Zima kompyuta kwa njia yake ya kawaida, usiikatie umeme, kisha iwashe tena. Karani naye ataanza kazi upya.

Tafadhali tofautisheni maneno mawili. Kuzima na kuwasha tena si kufuta. Ukizima na kuwasha, maneno uliyohifadhi yanabaki. Ukifuta na kuweka mfumo mpya, yaweza kupotea yote. Mtu akikuambia "Tuanze upya," muulize: "Upya wa namna gani?"

HATUA YA SABA: JE, MASHINE INAIONA KADI YA SAUTI?

Ukiwa umefanya yote na bado ni kimya, rudi katika dirisha la amri. Andika aplay, acha nafasi, kisha andika kistari na herufi l, hivi: aplay -l. Hiyo ya mwisho ni herufi l ndogo, si tarakimu 1. Wengi hukosea hapo. Bonyeza Enter.

Kompyuta itakuandikia orodha ya kadi za sauti inazoziona. Kadi huandikwa "card", na ya kwanza huhesabiwa 0. Ikikuandikia kwamba hakuna kadi hata moja, basi mfumo hauoni kifaa cha sauti. Hapo ndipo pa kumwita fundi.

Au jaribu hili. Kuna vifaa vidogo vya sauti vinavyochomekwa katika tundu la USB, na hedifoni za USB pia. Hivyo vina kadi yao wenyewe ndani. Chomeka kimoja, kisha kichague katika orodha ya hatua ya nne. Kikisema, mfumo wako ni mzima. Kosa litakuwa katika kadi ya sauti ya ndani au katika tundu lake. Nawe utaweza kuendelea na masomo kwa kifaa hicho.

Ukienda kwa fundi, nenda na daftari. Mwambie: "Spika ni nzima, nilizijaribu kwa simu. Karani anapeleka kwenye tundu la kijani. Milango ya mpagazi iko wazi. Kadi haionekani." Fundi mwema atafurahi, maana umempunguzia nusu ya kazi. Na asiye mwema ataona kwamba huyu si mtu wa kudanganywa. Halafu mwambie neno la mwisho: "Usifute kitu kabla sijatoa nakala."

KWA NINI TUNAWEZA KUYAFANYA HAYA

Mtanisamehe nikiongeza jambo moja juu ya mfumo huu wenyewe.

Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko Helsinki, nchini Finland, jina lake Linus Torvalds, alianza kuandika kiini cha mfumo wa Linux. Hakukificha. Aliwapa watu maandishi yake wayasome, wayarekebishe, na waongeze yao. Maelfu ya watu wameongeza. Hiyo ndiyo maana ya programu huria: kila mtu ana ruhusa ya kuisoma jinsi ilivyoandikwa, kuitumia, kuibadili na kumpa mwenziwe. Ubuntu, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2004, imejengwa juu ya kiini hicho.

Watu wetu nao wameweka mkono. Mwaka huo huo wa 2004, mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Wangeweza kufanya hivyo kwa sababu maandishi ya programu yalikuwa wazi kwa kila mtu.

Lakini mlango ulio wazi haumfai mtu asiyeingia. Programu yaweza kuwa huria mwaka mzima, na mtu akabaki nje kwa sababu hasomi kilichoandikwa mbele yake. Siku ile Kipili jibu lilikuwa limeandikwa kwenye kioo wakati wote. Mimi nimesoma miaka mingi, na sikulisoma, kwa kuwa nilidhani nimekwisha kujua. Aliyelisoma ni mtu wa miezi saba, kwa kuwa alikuwa bado na desturi ya kutazama kila herufi. Ndugu mwanafunzi, unaposoma polepole, usione haya. Kuna mambo ambayo msomaji wa haraka hayaoni.

MWISHO WA KISA

Najua mnangoja. Watoto waliketi tena chini mbele ya meza. Mama yao akafungua faili mwenyewe. Kitu cha kwanza tulichosikia ni kikohozi, maana mzee alikuwa na desturi ya kukohoa kidogo kabla ya kusema. Halafu akaanza: habari za mawingu, habari za maji. Mtoto mdogo akainuka, akaenda kutazama nyuma ya meza kama babu yuko huko. Hakuna aliyemcheka.

Jioni ile ile tulitoa nakala tatu. Moja kwenye flashi ya darasa, moja kwenye simu ya binti yake, na moja kwenye simu ya yule kijana mvuvi. Kijana alisema angeisikiliza kabla ya kwenda ziwani usiku wa giza, wakati wa kuvua dagaa kwa taa. Elfu hamsini haikutoka mfukoni mwa mtu.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kioo: sehemu ya kompyuta inayoonyesha picha na maandishi. Wengine huita skrini.
Mfumo: programu kubwa inayoendesha kompyuta nzima.
Mipangilio: mahali pa kuiambia kompyuta ifanye kazi kwa namna unayotaka.
Kadi ya sauti: kifaa kilicho ndani ya kompyuta kinachotoa na kuingiza sauti.
Nakala: mfano wa pili wa kitu kile kile, uliowekwa mahali pengine.
Programu huria: programu ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuisoma, kuitumia, kuibadili na kuigawa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini kioo kipya kiliondoa sauti katika spika za Kipili?
2. Utafanya nini ili kujua kama spika ni nzima au mbovu?
3. Kwa nini tunabadili jambo moja tu kwa mara moja?
4. Kuna tofauti gani kati ya kuwasha tena kompyuta na kuifuta?
5. Katika kijiji chenu, ni maneno ya nani ambayo yangefaa kurekodiwa sasa, kabla hayajapotea? Nani atamwomba?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA SOMO LIJALO

Nendeni kwenye kompyuta ya darasa ikiwa inasema vizuri, msingoje inyamaze. Fungueni sehemu ya Sauti. Someni jina lililo mbele ya neno Output, mliandike katika daftari la darasa pamoja na tarehe. Andikeni pia rangi ya tundu lililochomekwa waya wa spika. Siku sauti itakapopotea, mtajua ilipokuwa ikikaa. Na kila jambo lililorekodiwa ambalo halina nakala, litoleeni nakala leo hii.

Juma lijalo tutajifunza upande wa pili wa safari hii: maikrofoni isiyosikia. Njia ni ile ile, ila sauti inakwenda kinyume, kutoka mdomoni kuingia katika faili. Badala ya "Output" mtatafuta neno "Input", yaani njia ya kuingilia.

Haya, ndugu zangu, chukueni kalamu sasa. Kwaherini mpaka juma lijalo.